Sweta ya Januari

Kikundi cha kufuma ni kati ya mambo yanayohesabiwa madogo katika usharika. Kwaya ina sare na safari, uinjilisti una mikutano na vipaza sauti, baraza la wazee lina muhuri. Akina mama wanaofuma wana kapu, madonge ya uzi na sindano mbili mbili, na katika ripoti ya mwaka hupewa mstari mmoja: sweta kadhaa zimetolewa kwa wahitaji. Napenda kueleza mstari huo umetoka wapi. Sisi Walutheri tuna deni la pekee hapa, maana sehemu kubwa ya kile tunachokiita diakonia ilianza katika chumba ambamo wasichana walikuwa wakifundishwa kufuma. Na sisi tunaoishi Mara, katika wilaya za Tarime na Serengeti, tuna sababu nyingine tena ya kuijua historia hiyo. Sababu hiyo hurudi kila Desemba.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili kina kufuma kwa uzi, na kina kufuma kwa mshale. Mtu wa Tarime anayafahamu yote mawili, kwa kuwa ugomvi wa koo kwa koo umewahi kuacha mishale mingi katika mabonde yetu. Msomaji mgeni asishangae pia akisikia kwamba kati ya koo za Wakurya wa Tarime wapo Wasweta. Ni jina la ukoo, halina uhusiano wowote na nguo, ingawa kikundi cha akina mama wa huko wakijiita wafumaji wa Usweta watu hucheka.

Tukirudi kwenye Maandiko, mfumaji na mshonaji wa kwanza tunayemtaja ni Dorkasi wa Yafa, ambaye kwa Kiaramu aliitwa Tabitha. Habari zake ziko Matendo ya Mitume 9. Alipokufa, Petro aliitwa kutoka Lida, akapandishwa chumba cha juu, na wajane wakasimama karibu naye wakilia, wakimwonyesha nguo alizozitengeneza. Mahubiri mengi huishia kwenye wema wa Dorkasi na kwenye muujiza wa kufufuka kwake. Luka anaongeza maneno machache ambayo ni rahisi kuyapita: nguo hizo alizifanya wakati alipokuwa pamoja nao. Si kwamba alizituma. Alikaa na wajane, nao walikuwa wakimtazama akishona. Ndiyo maana walijua ipi ni ipi, na waliweza kumwonyesha mtume mojamoja.

Jina lake lilienda mbali. Mwaka 1834, katika Kisiwa cha Man kilichoko kati ya Uingereza na Ireland, wanawake wa kanisa walianzisha chama cha Dorkasi kuwa shukrani baada ya kuponea kipindupindu, na vyama vya jina hilo vikaenea katika nchi nyingi. Vilivalisha maskini wengi, na hilo si jambo la kubeza. Lakini katika vyama vingi wanaoshona walikaa chumba kimoja, wanaovaa wakangoja mlangoni kwingine. Neno dogo la Luka lilikuwa limedondoka njiani.

Mahali ambapo neno hilo halikudondoka ni bonde moja maskini katika milima ya Vosges, mashariki mwa Ufaransa, liitwalo Ban de la Roche. Vijiji vyake ni Waldersbach, Belmont, Bellefosse, Fouday na vingine vichache. Udongo wake ni mwembamba, baridi ni kali, barabara hazikuwapo. Wazazi walishinda mashambani na watoto wadogo wakabaki wakizurura. Katika miaka ya 1760, huko Belmont, msichana wa shamba aitwaye Sara Banzet alianza kuwakusanya watoto wa jirani nyumbani kwao na kuwafundisha kufuma. Alikuwa amezaliwa mwaka 1745, kwa hiyo alikuwa na miaka ishirini na ushee tu. Hakutumwa na mtu.

Mwaka 1767 akaja mchungaji mpya wa Kilutheri, Jean-Frédéric Oberlin, kijana wa miaka 26. Watu wanaomsoma Oberlin leo hutaja barabara aliyoichimba pamoja na washarika, daraja lililoitwa Daraja la Upendo, mbegu bora za viazi na mengineyo. Mimi namheshimu zaidi kwa jambo moja lisilohitaji sururu. Alipoiona kazi ya Sara, hakusema hiyo ni kazi nzuri ya akina mama, waendelee. Mwaka 1769 aliifanya kuwa kazi ya kanisa. Yeye na mkewe, Madeleine-Salomé, wakatafuta wasichana wengine wa vijijini, wakawapa jina la viongozi, wakawatafutia vyumba vyenye jiko la kuni la kutia joto. Vyumba hivyo wenyeji waliviita kwa jina la jiko hilo na la kazi yake: jiko la kufuma. Ukitaka kulitafsiri kwa lugha yetu ya nyumbani, ni mahali pa kuota moto ukifuma.

Ndani ya chumba hicho mtoto alishika sindano na uzi. Huku mikono ikienda, kiongozi alisimulia habari za Biblia, akafundisha nyimbo, akaonyesha majani na maua ya msituni na kuyataja majina, akafunua ramani. Watoto waliozungumza lahaja ya bonde walijifunza Kifaransa wakihesabu vitanzi. Soksi zilizofumwa zilivaliwa au kuuzwa. Wanahistoria wa elimu wanavihesabu vyumba hivi kati ya vyanzo vya shule za awali, yaani chekechea zetu za leo zimetoka sehemu fulani katika mikono ya Sara Banzet. Yeye mwenyewe hakuona mengi ya hayo. Alikufa mwaka 1774, hajafikisha miaka thelathini.

Kwa nini kufuma? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni hili. Katika kijiji maskini mzazi hawezi kumtoa binti nyumbani kwa saa nne ili aende kusikiliza hadithi na nyimbo. Atasema mtoto anapotea. Lakini akienda kujifunza kazi ya mikono, na akirudi na soksi, hakuna babu wala mjomba mwenye neno. Sindano ilikuwa ruhusa. Ilimpa msichana saa chache za kukaa mahali pa joto, mbele ya mtu mzima anayemwita kwa jina lake, bila ya mtu kuuliza anafanya nini huko.

Aliyeichukua kazi baada ya Sara alikuwa Louise Scheppler wa Bellefosse, aliyeingia nyumba ya mchungaji akiwa binti wa kazi wa miaka kama kumi na mitano. Mama mchungaji alipofariki mwaka 1783 na kuacha watoto wengi, Louise aliwalea, akaendelea kuzunguka vijiji kusimamia vyumba vya kufuma, na baadaye akaomba asilipwe tena mshahara bali ahesabiwe kuwa binti wa nyumba. Mwaka 1829, miaka mitatu baada ya Oberlin kufariki, Chuo cha Taaluma cha Ufaransa huko Paris kilimpa tuzo ya wema ya faranga 5,000, na aliyesoma habari zake mbele ya wakubwa wale alikuwa Cuvier, mwanasayansi mashuhuri wa wanyama. Mwanamke wa kijijini ambaye kazi yake ilianza na donge la uzi! Alifariki mwaka 1837.

Kutoka Vosges twende Kaiserswerth, mji mdogo kando ya mto Rhine, Ujerumani. Mchungaji Theodor Fliedner alikuwa akiwatembelea wafungwa. Mwezi Septemba 1833 mwanamke aliyemaliza kifungo alikuja kwake kwa miguu, hana pa kwenda. Mchungaji na mkewe Friederike walikuwa na kibanda cha bustani, kidogo mno. Wakamweka humo. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi, alipanda kwa ngazi kwenda kulala darini, na ngazi ikaondolewa usiku ili awe salama. Muda si mrefu kazi ya kuwafundisha kufuma watoto wa maskini ilianza pia katika mazingira yaleyale, na kutokana nayo ikaja shule ya watoto wadogo. Tarehe 13 Oktoba 1836 nyumba ya madikoni wanawake ilifunguliwa, naye Gertrud Reichardt akawa dikoni wa kwanza.

Msomaji aitazame picha hiyo kwa makini. Kimbilio la mwanamke asiye na kwao na sindano za watoto maskini vilikuwa bustani moja, kwa mchungaji mmoja, ndani ya miaka ileile. Sidhani ni bahati tu. Anayekimbia anahitaji paa, kisha anahitaji kitu cha kufanya kwa mikono, kisha anahitaji watu.

Njia kutoka Kaiserswerth hadi kwetu si ndefu. Madikoni wa Kaiserswerth walisaidia kuanzisha nyumba ya madikoni wanawake huko Bielefeld mwaka 1869, ambayo baadaye iliitwa Sarepta, kando ya vituo vya Bethel. Kutoka Bethel walikuja wahudumu Usambara, na huko Lutindi mwaka 1896 kilianzishwa kituo cha watoto waliokombolewa utumwani, ambacho baadaye kiligeuka kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Tena kimbilio. KKKT imerithi mengi kutoka njia hiyo, hata pale ambapo hatujui tumeyarithi kutoka kwa nani.

Mara, lazima tuseme ukweli, haikuinjilishwa kwanza na sisi. Wakatoliki na Waadventista walitangulia, na mwaka 1934 Wamenonaiti kutoka Marekani walifika Shirati, karibu na ziwa, katika eneo lililokuwa wilaya ya Tarime hadi wilaya ya Rorya ilipogawanywa kutoka humo mwaka 2007. Shirati ikawa na hospitali na kituo cha wagonjwa wa ukoma. Hapa kuna jambo dogo la wafumaji ambalo vijana wetu hawalijui. Katika karne ya 20 wanawake wa makanisa ya Marekani ya Kaskazini na Ulaya walifuma kwa mkono bandeji za uzi wa pamba kwa ajili ya hospitali za ukoma duniani. Bandeji ya kufumwa hunyumbuka, hewa hupita, na inaweza kufuliwa, kuchemshwa na kutumika tena mara nyingi. Ni kazi ya ajabu: mita nzima ya kitambaa chembamba, bila ua wala rangi, kwa mtu usiyemjua, ambaye jirani zake wanaogopa kumgusa. Mfumaji hakukaa pamoja naye kama Dorkasi. Lakini alikuwa amejiuliza mgonjwa anahitaji nini hasa, akafuma hicho, hakutuma kilichokuwa kimembakia kabatini. Naona hiyo ni hatua moja ya kurudi kwa Luka.

Sasa nifike kwenye Desemba.

Katika baadhi ya koo za Wakurya, na kwa makabila jirani ya Serengeti pia, msichana asiyekeketwa ameitwa msagane, na si jina la heshima. Ukeketaji hufanywa kwa misimu, mara nyingi likizo ya mwisho wa mwaka, na zaidi katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila hutangaza, ngariba hupangiwa siku, ngoma hulia. Baada ya kupona msichana huhesabiwa mtu mzima wa kuolewa, na mahari ni ng'ombe. Shule hufunguliwa Januari. Katikati ya hizo wiki chache maisha ya binti wa darasa la sita yanaweza kugeuka kabisa.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa lenye kifungo cha miaka 5 hadi 15. Takwimu nazo zimeshuka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kati ya wanawake wa Mara wa umri wa miaka 15 hadi 49, asilimia 40 walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2015-16 ilikuwa asilimia 32, na mwaka 2022 asilimia 28. Ni mteremko, lakini si wa kumfanya mtu alale. Na sheria inamlinda aliye chini ya miaka 18 tu. Isitoshe mpaka wa Sirari uko karibu, Wakurya wako pande zote mbili, na watu huvuka kwa ajili ya jambo hili kama wanavyovuka kwenda sokoni.

Makanisa yaliwahi kulikabili jambo hili kwa amri. Mwaka 1929 nchini Kenya, misheni ya Waskoti na Africa Inland Mission ziliwataka waumini wa Kikikuyu waikane desturi hiyo au watoke. Maelfu walitoka, wakaanzisha shule na makanisa yao, na uchungu wake ulidumu. Sisemi misheni zilikosea kuiona desturi ile kuwa mbaya. Nasema binti mwenyewe, katika kelele zile zote za wanaume wa pande mbili, hakuwa na chumba cha kukaa.

Chumba hicho ndicho kilichojengwa hapa kwetu, nami nafurahi kukiri kwamba wenzetu wa madhehebu mengine walitangulia. Huko Masanga, Tarime, kituo cha Kanisa Katoliki kimepokea mamia ya wasichana katika misimu ya Desemba. Mugumu, makao makuu ya Serengeti, Kanisa Anglikana Dayosisi ya Mara lilifungua nyumba salama mwaka 2014, na aliyeiongoza alikuwa Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara aliyekeketwa akiwa na miaka 13 na nusura apoteze maisha kwa kutokwa damu. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba Butiama na Mugumu. Wasichana hufika wamekimbia usiku, wengine wameletwa na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto, wengine na shangazi, au na kaka mwenye moyo. Wakiwa humo hufundishwa, pamoja na mengine, ushonaji. Msimu ukipita, ustawi wa jamii na viongozi wa nyumba hukutana na wazazi, na penye upatanisho mtoto hurudi kwa ahadi ya maandishi.

Wamesaidiwa na watu wa mbali kwa namna ambayo Sara Banzet angeielewa. Tangu mwaka 2015 maelfu ya watu wa nchi mbalimbali wamejitolea, kupitia mradi uitwao Crowd2Map, kuchora ramani za vijiji vyetu kutoka picha za setilaiti: njia moja, nyumba moja, mto mmoja, jioni kwa jioni mbele ya kompyuta. Vijiji vingi vya Serengeti na Tarime havikuwa kwenye ramani yoyote ya kutegemewa, na gari la uokoaji haliwezi kufika usiku mahali lisipopajua. Ukiwaza, ni kufuma.

Hapa ndipo sweta inapoingia. Tarime iko juu, na mvua za Novemba na Desemba hufanya asubuhi zake kuwa baridi kuliko wanavyodhani watu wa Musoma mjini. Msichana aliyekimbia usiku kwa kawaida ana gauni aliyovaa, basi. Kwa hiyo kundi la kwanza la sweta ni la joto tu, rangi yoyote. Hilo linaeleweka haraka, na washarika hulichangia kwa moyo.

Sweta ya pili ndiyo ninayotaka tuielewe. Ada ilifutwa shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuanzia Januari 2016 sekondari hadi kidato cha nne, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi. Mzazi aliyekasirishwa na binti kukimbia hana haraka ya kununua sare. Mara nyingi hasemi kwamba amemzuia shule. Husema tu kwamba hela ya sare haijapatikana, subiri kidogo, na kusubiri kukifika Machi mtoto amekwisha kuolewa. Kikundi cha usharika ambacho mimi hukaa nacho Alhamisi, katika wilaya ya Tarime, kimejifunza kufuma sweta za rangi za shule: bluu ya shule hii, kijani ya shule ile, na mstari wa shingoni kama inavyotakiwa. Zinatakiwa ziwe tayari kabla ya Krismasi. Msichana anayepimwa sweta ya shule tarehe 20 Desemba anaambiwa jambo ambalo hakuna mahubiri yatakayolisema waziwazi zaidi: wewe Januari una mahali pa kwenda.

Mama mmoja wa kikundi hicho, bibi wa wajukuu wengi, ambaye yeye mwenyewe alikeketwa zamani zile ambazo hapakuwa na wa kuuliza, aliniambia kwamba anapofuma shingo ya sweta huwa anamwombea aliyeivaa asiyejulikana. Sikumwongezea theolojia.

Mimi ni mwanaume na nimejifunza kufuma ukubwani. Wazee wawili wa ukoo walinitazama nikiwa na sindano, mmoja akauliza kwa upole kama mshahara wa mchungaji umepunguzwa. Nikamweleza kwamba mashine ya kwanza ya kufuma iliundwa Uingereza mwaka 1589 na William Lee, ambaye kwa mapokeo yanayosimuliwa alikuwa mhudumu wa kanisa, na kwamba katika Ulaya ya zamani vyama vya wafumaji vilikuwa vya wanaume. Mafundi sweta wa mjini wenye mashine za mkono ni wajukuu zake Lee. Mzee alisikiliza yote, akasema, "Sawa, Baba Mchungaji, lakini wewe huna mashine." Ni kweli. Sweta moja ya mkono hunichukua majuma mengi, na akina mama huifumua nusu yake nikiondoka.

Wanaotaka kujitolea wajue kazi ilivyo. Mtu haingii nyumba salama kwa kuwa tu ana moyo mwema. Anapitia uongozi wa nyumba na ustawi wa jamii, na asipokubaliwa asinung'unike, kwa sababu ndugu wenye hasira nao wameshawahi kuja na zawadi. Simu inabaki mfukoni, hakuna picha. Hatuulizi binti amekimbia nini. Aliyewahi kukaa na watu wanaofuma anajua kwamba macho yakiwa kwenye vitanzi ulimi hulegea wenyewe, na binti akitaka kusema atasema kwa kipande, kisha atanyamaza mistari kumi. Hapo inabidi nawe uendelee kufuma. Kwa mchungaji aliyezoea kujibu, hii ni shule ngumu.

Kuna wanaosema kanisa linaiba watoto. Hilo nalijibu kwa kuwaalika waje wamwone mtoto kwa utaratibu, na wapo waliokuja. Pingamizi lililo zito ni jingine, nalo hutoka kwa wafumaji wenyewe: sweta haimlindi mtu. Binti hurudi nyumbani, miaka miwili hupita, msimu mwingine huja, ahadi ya maandishi iko ndani ya kabati la ofisi mbali na kijiji. Wako waliorudi wakakeketwa. Siwezi kulifunika hilo kwa mstari wa Biblia. Ninachoweza kusema ni kwamba mkutano wa kila Alhamisi hauishii Desemba. Wale waliorudi vijijini karibu na usharika wanajua siku, wanajua benchi, na mama anayejua kipimo cha bega la mtoto huona mapema kuliko afisa yeyote kwamba mtoto huyo hajaonekana kwa majuma mawili. Simu nyingine zilizopigwa kwenye Dawati la Jinsia zilitoka katika kapu la uzi. Baadhi ya akina mama hao wana wana wa kuoza na watadaiwa na koo zao kwa nini wanawatetea wasagane, nao wanakuja.

Uzi hununuliwa Oktoba, kabla bei haijapanda kwa ajili ya sare. Kwa sasa tunahitaji zaidi bluu ya giza na kijani, na watu wawili wenye mikono myepesi kwa shingo na vifungo. Kipimo tunakichukua kikubwa. Mikono ya sweta tunaifuma mirefu kuliko mikono ya mtoto, karibu upana wa viganja viwili, kisha tunaikunja na kuishikiza kwa uzi mmoja mwepesi wa rangi ileile, ili atakapofika kidato cha pili aukate mwenyewe.